Kula na Kunywa Katika Miji ya Asia ya Kati: Mwongozo kwa Familia za Kiislamu



Sifa zote njema ni za Allaah Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba zake wote.

Miji ya Asia ya Kati si migeni masikioni mwetu. Kila anayesoma Swahiyh al-Bukhaariy katika darsa za visiwani anataja jina la mji wa Bukhara, hata kama hajui uko upande gani wa dunia. Imaam al-Bukhaariy alizaliwa huko mwaka 194 Hijriyyah (810 Miladi) na akafariki mwaka 256 Hijriyyah (870 Miladi) katika kijiji cha Khartang, takriban kilomita 25 kutoka Samarkand. Imaam at-Tirmidhiy naye anatokana na mji wa Termez, kusini ya Uzbekistan ya leo. Kwa hiyo haishangazi kwamba familia zetu zenye uwezo zimeanza kuulizia safari za huko, wengi wakipitia Dubai au Istanbul.

Suala la kwanza la kila mama wa nyumba ni moja: tutakula nini, na wapi? La pili linafuata hapo hapo: je, kwa kuwa ni nchi za Waislamu, kila kinachouzwa ni halali? Tumekusanya hapa yanayohitajika kujulikana kabla ya kuondoka, kisheria na kimaisha, mji baada ya mji.

HALI YA NCHI HIZI

Uzbekistan, Tajikistan, Kyrgyzstan, Kazakhstan na Turkmenistan zote zilikuwa chini ya utawala wa Kisovieti hadi mwaka 1991. Watu wake walio wengi ni Waislamu, Sunni wa madhehebu ya Hanafiy. Lakini kwa takriban miaka 70 misikiti mingi ilifungwa, madrasa zikazuiwa, na pombe ikaingizwa kwenye harusi na karamu mpaka ikaonekana ni jambo la kawaida. Leo utamkuta mzee anayesoma du'aa baada ya chakula kwa unyenyekevu, na dukani kwa jirani yake chupa za vodka zimepangwa hadharani.

Hali hiyo isitufanye tuwadharau ndugu zetu. Waliishikilia dini yao majumbani katika kipindi kigumu, na wengi wanarejea kwenye mafunzo yake. Lakini pia isitufanye tulale. Jina la nchi ya Kiislamu halitoshi kuwa ni cheti cha halali kwa kila sahani.

NYAMA: ASILI NI NINI?

Asili ya nyama inayouzwa na Waislamu katika nchi ya Waislamu ni halali, wala haikutakiwi kumpekua kila muuzaji. Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) amepokea kwamba watu waliokuwa wageni katika Uislamu walikuwa wakileta nyama, na haikujulikana kama walitaja jina la Allaah wakati wa kuchinja au la. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akawaelekeza Maswahaba wataje wao jina la Allaah na wale. Hadiyth hiyo imo ndani ya Swahiyh al-Bukhaariy, kwa hiyo msafiri wa Bukhara ana dalili yake kutoka kwa mwenyeji wa Bukhara.

Basi kondoo, ng'ombe na mbuzi wanaouzwa kwenye masoko ya Uzbekistan na Tajikistan, na kwenye mikahawa ya wenyeji, unakula bila ya wasiwasi. Asili hii hubadilika pale panapokuwa na sababu ya kweli ya shaka. Sababu hizo huko ni nne:

1. Mikahawa ya vyakula vya Kirusi, Kikorea, Kijojia na Kizungu. Nguruwe hupikwa humo, hasa katika miji mikubwa.
2. Sosiji na nyama za kusindika, ambazo wao huziita kolbasa. Hizi huwekwa mezani kwenye chai ya asubuhi katika hoteli nyingi. Nyingine zimechanganywa nguruwe.
3. Kuku wa kugandishwa kutoka nje. Hawa hawajachinjwa na wenyeji, kwa hivyo hukumu ya nyama ya soko la wenyeji haiwafikii moja kwa moja.
4. Mishikaki, yaani shashlik, na vidonge vya unga vyenye nyama viitwavyo pelmeni. Mishikaki kwa mwenyeji Muislamu huwa ya kondoo au ng'ombe, lakini kwa mpishi wa Kirusi huweza kuwa ya nguruwe. Pelmeni mara nyingi huchanganya nyama mbili.

Kazakhstan inahitaji hadhari zaidi. Takriban asilimia 70 ya wananchi wake ni Waislamu, na waliobaki wengi wao ni Warusi na makabila mengine, kwa hiyo nguruwe huuzwa waziwazi. Faida yake ni kwamba huko na Kyrgyzstan alama ya halali hubandikwa sana milangoni. Uzbekistan alama hizo ni chache zaidi, kwa sababu wenyeji wanaona halali ndiyo asili.

MEZA YENYE POMBE

Hili ndilo litakalowasumbua wengi kuliko nyama. Mikahawa mingi ya watalii hutoa bia na mvinyo. Imepokewa katika Sunan at-Tirmidhiy kukatazwa mwenye kumuamini Allaah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Meza moja na mnywaji, basi, haina mjadala: hatukai, hata kama sisi tunakunywa maji.

Ama ukumbi ambao watu wa meza nyingine wanakunywa, lililo salama ni kutafuta pengine, hasa ukiwa na watoto wanaotazama na kujifunza. Njia rahisi ni tatu. Kwanza, kula katika mikahawa ya palov na nyumba za samsa mchana, ambako kinywaji cha kawaida ni chai. Pili, kuomba chumba cha faragha, kwani mikahawa mikubwa mingi inavyo vyumba vya familia. Tatu, kumwambia mtembezaji wenu tangu siku ya kwanza kwamba hamtaki kupelekwa kwenye kuonja mvinyo. Samarkand ina kiwanda cha mvinyo cha tangu mwaka 1868, na ratiba nyingi za watalii hukiweka bila ya kuuliza.

MJI BAADA YA MJI

Tashkent. Mji mkuu wa Uzbekistan. Anzeni na soko la Chorsu, lenye kuba kubwa la buluu. Pembeni yake kuna safu za wapishi wanaouza palov, samsa, mishikaki na supu mbele ya macho yako. Karibu na mnara wa televisheni kipo kituo mashuhuri cha palov kiitwacho Besh Qozon, maana yake masufuria matano. Masufuria hayo ni makubwa kiasi cha mtu kuweza kukaa ndani, na wageni huruhusiwa kuangalia mapishi. Nendeni kabla ya Adhuhuri au mara tu baada yake, kwani palov ni chakula cha mchana na alasiri huwa imekwisha. Mtaulizwa kama mnataka mayai ya tombo au qazi juu yake. Qazi ni soseji ya nyama ya farasi, na hukumu yake inakuja hapa chini.

Samarkand. Palov ya huku haichanganywi. Wali huwa chini, karoti za manjano juu yake, kisha nyama. Mkate wa Samarkand ni mzito, unang'aa juu, na unakaa siku nyingi bila ya kuharibika. Wenyeji wakisafiri huchukua kama zawadi. Ununueni katika soko la Siyob, lililo ubavuni mwa msikiti wa Bibi-Khanym, pamoja na zabibu kavu, lozi na halua. Soko hili linawatosha wenye watoto wanaochagua chakula.

Bukhara. Katikati ya mji wa kale kuna hodhi la Lyabi-Hauz, lililojengwa mwaka 1620. Mahala ni pazuri jioni, lakini baadhi ya mikahawa inayolizunguka hutoa bia, kwa hivyo ulizeni kabla ya kukaa. Wanaotaka utulivu waulizie Silk Road Tea House, nyumba ya chai ya viungo kwenye upande wa masoko ya kale yenye makuba. Huko hupewa chai ya zafarani, chai ya tangawizi au kahawa ya iliki, pamoja na halua na vitu vitamu. Mtu wa visiwani atajihisi yupo kwao.

Khiva. Mji mdogo ndani ya kuta. Chakula chake maarufu ni shivit oshi, tambi za kijani zilizotiwa rangi kwa majani na kuliwa na mchuzi wa nyama na mtindi. Kipo pia tukhum barak, vifuko vya unga vyenye mayai, ambavyo ni faraja kwa asiyetaka nyama.

Dushanbe. Mji mkuu wa Tajikistan. Chakula cha kukitafuta ni qurutob: mkate wa matabaka unaochanwa vipande, ukamwagiwa mtindi mkavu ulioyeyushwa kwa maji, kisha vitunguu, nyanya na majani mabichi juu. Kwa kawaida hakina nyama, na huliwa na watu kadhaa katika sahani moja ya mti kwa mkono, kama tunavyokula sinia zetu. Nyumba ya chai ya Rohat katika barabara ya Rudaki ni ya zama za Kisovieti, ina dari zilizochorwa kwa mikono na upepo mzuri.

Osh na Bishkek. Hii ni miji ya Kyrgyzstan. Osh, mji wa kusini, ni wa watu wa dini na wa chakula: samsa zake hubandikwa ndani ya tanuri la udongo, na palov yake hupikwa kwa mchele mwekundu wa Uzgen. Bishkek, mji mkuu, una soko linaloitwa Osh Bazaar. Tafuteni huko vyakula vya Wadungan, Waislamu wenye asili ya China ambao babu zao walikimbilia huku mwishoni mwa miaka ya 1870. Tambi zao za lagman, na ashlan-fu inayoliwa baridi na yenye siki na pilipili, ni vyakula ambavyo wenyeji wa makabila yote huvipenda.

Almaty. Mji mkubwa kuliko yote Kazakhstan. Soko la Kijani lina sehemu ya kila nyama, nayo ya nguruwe iko mbali na nyingine na ina kibao. Someni vibao kabla ya kununua. Chakula cha taifa ni beshbarmak, maana yake vidole vitano: nyama ya kuchemshwa juu ya vipande vipana vya unga. Mara nyingi nyama hiyo ni ya farasi. Saladi kali za karoti ni za Wakorea, ambao walihamishiwa Asia ya Kati kwa nguvu mwaka 1937. Saladi ya mboga tupu haina tatizo, lakini mkahawa wenyewe wa Kikorea unahitaji kuulizia.

NYAMA YA FARASI: INAFAA?

Wengi wetu hushtuka wakisikia, kwa sababu visiwani farasi haliwi. Lakini kutozoea ni jambo moja na uharamu ni jambo jingine. Asmaa bint Abiy Bakr (Radhwiya Allaahu 'anhaa) amesimulia kwamba walichinja farasi zama za Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) wakamla. Na Jaabir (Radhwiya Allaahu 'anhu) amepokea kwamba siku ya Khaybar ilikatazwa nyama ya punda wa kufugwa na ikaruhusiwa ya farasi. Hadiyth zote mbili zimo katika al-Bukhaariy na Muslim. Kwa hiyo madhehebu ya Shaafi'iy, tuliyo nayo wengi wetu, yanaona ni halali. Imaam Abu Haniyfah aliichukia, na wanafunzi wake wawili wakubwa wakaihalalisha.

Mwenye kutaka ale, na asiyetaka aache bila ya kumkebehi mwenyeji. Asiyetaka aangalie majina haya: qazi, karta, norin na beshbarmak.

VINYWAJI

Chai ndiyo kinywaji cha kila saa. Samarkand na Bukhara hupendelea ya kijani, Tashkent nyeusi, na Wakazakhi hutia maziwa kama sisi. Mwenyeji humimina kikombe cha mwanzo na kukirudisha birikani mara tatu ndipo akaanza kugawa. Akikujazia kikombe nusu usidhani ni ubahili. Kwao hiyo ni heshima, ili ukiombe tena na akuhudumie.

Kompot ni maji ya matunda yaliyochemshwa na sukari, hayana tatizo. Ayran na chalap ni mtindi wa maji na chumvi, navyo ni halali.

Qymyz, inayojulikana pia kama kumis, ndiyo yenye mas-ala. Ni maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa, na kuchachuka huko huleta kilevi kidogo, kinachozidi kadiri kinavyokaa. Kanuni tuliyofunzwa na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ni kwamba kinacholevya kwa wingi wake, uchache wake pia ni haramu. Mfano wake tunao kwetu: tembo la mnazi likigemwa asubuhi ni tamu na halilevi, likikaa likageuka ni haramu, ingawa mti ni ule ule. Maziwa mabichi ya farasi, wanayoyaita saumal, ni halali. Qymyz iliyokwisha kuchachuka haijulikani imefikia wapi, na wenyeji wengi huiona ni kinywaji cha kawaida cha afya. Nasaha yetu ni kuiacha, kwa kujiepusha na chenye shaka. Hali ya shubat, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, iangaliwe kwa mizani hiyo hiyo.

Bozo, kinywaji cha nafaka cha Kyrgyzstan, ni cha kulevya na ni haramu. Kvas, kinywaji cha mkate kinachouzwa barabarani wakati wa joto, nacho huchacha na huwa na kilevi kidogo. Watoto wataiomba kwa sababu inafanana na soda, kwa hivyo wazazi waijue kabla.

Maji ya bomba msinywe. Nunueni ya chupa, au mtegemee chai kwa kuwa maji yake yamechemka.

MANENO YA KUULIZA

Lugha za huko ni nyingi, lakini Kirusi hufahamika katika miji yote. Hifadhini maneno haya kwenye simu:

- Svinina (СВИНИНА): nyama ya nguruwe. Kiuzbeki husema cho'chqa, Kitajiki khuk, Kikazakhi shoshqa.
- Govyadina: ng'ombe. Baranina: kondoo. Kuritsa: kuku. Konina: farasi.
- Halol (Kiuzbeki), khalyal (ХАЛЯЛЬ, Kirusi): halali.
- Bez alkogolya: bila ya pombe. Ulizeni hivyo hata kwenye keki, kwani baadhi hutiwa konyaki.

Msiulize "ni halali?" peke yake. Muulizwaji Muislamu atajibu ndiyo kwa kuona kwamba swali linamtuhumu. Ulizeni "ni nyama gani hii?" na mtapata jibu lenye faida zaidi.

ADABU ZA MKEKA

Kitambaa cha chakula huitwa dasturkhon. Hakikanyagwi wala hakirukwi. Kabla ya kula, mwenyeji huleta birika na beseni kuwanawisha wageni. Mkate huchanwa kwa mikono, hauwekwi kifudifudi, na makombo hayatupwi ovyo. Mkialikwa nyumbani, nendeni na matunda au vitu vitamu. Chakula kikimalizika mkubwa wa kikao husoma du'aa na wote hupangusa nyuso wakisema "omin". Ukisikia hivyo ujue kikao kimefungwa, na kuendelea kula baada yake si adabu.

Mkiwekewa pombe katika nyumba au harusi, kataeni kwa upole: mkono wa kulia kifuani, kichwa mkikiinamishe kidogo, na mseme "rahmat", yaani ahsante. Haihitaji hotuba. Mara nyingi mwenyeji mwenyewe huiondoa, na huenda ikawa ni sababu ya kheri kwake.

MATUMBO, MIFUKO NA MISIMU

Palov hupikwa kwa mafuta mengi, mara nyingine na mafuta ya mkia wa kondoo. Matumbo yetu yaliyozoea nazi na samaki yatashangaa. Anzeni na sahani moja kwa watu wawili, na chai ya kijani iwe pembeni. Samaki ni adimu, kwani nchi hizi ziko mbali na bahari. Mchele mtaukuta, na jina la palov lenyewe ni ndugu wa pilau yetu, kama samsa ilivyo ndugu wa sambusa. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza utamaduni wa palov wa Uzbekistan na wa Tajikistan katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Agosti na Septemba ndiyo miezi ya matikiti na zabibu, ingawa joto la kiangazi huweza kufika nyuzi 40. Mikahawa mingi huongeza malipo ya huduma juu ya bili, kwa hiyo angalieni chini ya karatasi kabla ya kulalamika. Sokoni chukueni fedha taslimu: sum Uzbekistan, somoni Tajikistan, som Kyrgyzstan na tenge Kazakhstan.

MWISHO

Safari humfundisha mtu dini yake kwa namna ambayo nyumbani haipati. Visiwani halali imetuzunguka na hatuihangaikii. Huko mtoto atamuona baba yake akiuliza, akisoma kibao na akisimama kuacha meza nzuri kwa sababu ya chupa moja. Mafunzo hayo atayakumbuka. Tusitie ugumu pale Allaah alipotuwekea wepesi, wala tusilegeze pale palipo wazi.

Tunamuomba Allaah awahifadhi wasafiri wetu, awalishe vilivyo vizuri na awarejeshe salama. Aamiyn.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.